Machweo Wanayo Wote, Kalafati Unayo Wewe

Mwaka 2017 shindano la mtandaoni la Wiki Loves Africa lilitoa mada moja kwa bara zima: watu kazini. Uwe Lagos, uwe Tunis, uwe Kilindoni unasubiri chipsi mayai, mada ni hiyo hiyo, na unapewa wiki kadhaa za kutuma picha. Swali langu kwa masela wa kisiwa cha Mafia: ungetuma nini?

Najua jibu la wengi, maana ndo limejaa kwenye simu zetu. Jua linazama Kilindoni, ngalawa nyeusi kwa mbele, mbingu imeiva rangi ya chungwa, mnazi umeinama pembeni. Picha kali, sibishi, na laiki zitamwagika. Ila jaji kabla hajafika kwako ameshapitia machweo ya Zanzibar, ya Bali, ya Maldives na ya Kisumu, yote chungwa tupu. Halafu ukiikazia macho hiyo picha yako, hakuna mtu anayefanya kazi mle ndani. Mada imeuliza kitu kimoja, wewe umejibu kingine. Hapo unapigwa chini, mwanangu, hata kama kamera yako ni ya milioni tano.

Sasa vuka. Panda boti Utende, shuka kisiwa cha Chole, nyoosha mpaka wanapoundia majahazi. Kazi hiyo Chole na Jibondo ni ya toka enzi: mkuku unalazwa chini, mataruma yanapanda kama mbavu, mbao zinafuata, na tezo na keekee bado zina kazi. Wewe nenda kwa fundi anayekalafati. Msalimie kwanza, "Shikamoo, fundi," usubiri marahaba yake, umwambie umekuja kufanya nini, na simu ibaki mfukoni mpaka akuruhusu. Akishakuzoea ndo utamwona vizuri. Amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo. Kushoto ameshika chembeu, kulia nyundo, na pamba iliyolowa mafuta inaingia kwenye ufa kati ya ubao na ubao, kidogo kidogo, kila pigo linasukuma nusu kidole. Nyuzi za pamba zimemganda kwenye kucha. Jua limezibwa na chombo, kwa hiyo mwanga unapita kwa chini, unagonga mchanga mweupe, unarudi juu na kumulika uso wake upande mmoja. Wana, watu wa studio wananunua vitambaa vyeupe na taa za hela ndefu kutafuta mwanga wa namna ile. Chole unaupata bure kila asubuhi yenye jua.

Usipige jahazi zima. Piga vidole, chembeu na ule ufa. Mtu wa Tunis ambaye hajawahi kupanda jahazi maishani ataelewa papo hapo kwamba uhai wa abiria wote unategemea vidole vile. Hiyo ndo picha ya watu kazini, na hiyo ndo hoja yangu nzima kwenye makala hii: machweo wanayo wote, kalafati unayo wewe. Mpiga picha wa mambele anayekuja Mafia kwa siku nne atapata papa potwe wake na machweo yake, akaondoka. Hatakaa asubuhi nzima chini ya chombo. Wewe unayeishi hapa una kitu ambacho hela yake hainunui, nacho ni muda na kufahamika na watu.

Mashindano ya mada yana tabia moja ambayo wengi wetu hatuishtukii. Raundi ya kwanza picha yako inapata sekunde chache tu za macho ya jaji. Ndani ya sekunde hizo anatafuta vitu viwili: je, hii imejibu mada, na je, nimeshaiona mara mia leo? Uzuri unakuja baadaye. Ndo maana picha ya simu ya kawaida inaweza kuvuka na picha ya kamera kubwa ikabaki, bila uonevu wowote. Mada ni swali, na kila mtu anakimbilia jibu la kwanza lililomjia kichwani. Jibu la kwanza ndo la nyomi. La pili bado lina msongamano. Anza kubonyeza kwenye la tatu au la nne.

Angalia mada ambazo Wiki Loves Africa wameshaziweka tangu Florence Devouard na Isla Haddow-Flood waanzishe shindano hilo mwaka 2014. Walianza na chakula, wakaja mavazi na mapambo, muziki na ngoma, halafu hao watu kazini. 2019 ilikuwa kucheza. 2020 Afrika ikiwa kwenye mwendo. 2022 makazi. 2023 tabianchi na hali ya hewa. 2024 ubunifu wa mikono na akili. Zisome taratibu halafu niambie ipi ambayo Mafia haina jibu. Ubunifu? Bi mkubwa anasuka ukili huku anaongea na jirani, haangalii hata mikono yake, na miyaa iliyochovywa rangi imelala mapajani. Makazi? Hapo kila mtu atapiga nyumba ya makuti, wewe nenda Chole ukapige popo wakubwa wa Comoro wakining'inia kwenye miti mchana kweupe, na nyumba ya watu iko chini yao. Mti mmoja, familia mbili. Kwangu mimi hilo ndo jibu la tatu.

Mwendo ndo mada ninayoipenda kinoma. Kisiwa kizima kinaishi kwa kuvuka. Boti ya kutoka Nyamisati, bara, inashusha magunia, kuku, godoro na kijana wa chuo aliyerudi likizo. Bamvua likitoa maji, ghuba ya Chole inakauka sehemu kubwa, boti inakwama mbali na ufuo, na watu wanashuka wanatembea majini, viatu mkononi, mtoto begani, kanga imepandishwa mpaka gotini. Mgeni hajui siku gani maji yatatoka hivyo. Sisi tunajua, mwezi tunauona. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, na katikati yake maji mafu. Ukiwa na kalenda hiyo kichwani umeshawaacha washindani wako mbali kabla hujafungua kamera.

Kuhusu hali ya hewa kuna jambo linaniuma. Mada ile ilipita 2023. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kikatua hapa hapa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa taarifa, na nchi nzima ikawa inaangalia ramani ya kisiwa chetu. Picha zilipigwa, ndiyo. Nyingi zikaishia kwenye statasi za WhatsApp, masaa 24 zikayeyuka. Wana, picha ya kimbunga kilichotua nyumbani kwako haiwi ya masaa 24. Mada zinarudi kwa sura nyingine: maji, upepo, paa, uvumilivu, jirani. Mwenye faili lake lenye tarehe na mahali anasubiri tu mada imfuate. Na hata kwa kimbunga, wimbi kubwa ni jibu la kwanza. Mtu aliye juu ya paa siku ya pili yake, anaezeka makuti mapya huku mwenzake anamrushia kamba, huyo ndo wa kumtafuta.

Sasa potwe. Najua mlikuwa mnamsubiri.

Papa potwe wanaonekana mbele ya Kilindoni kuanzia karibu Oktoba mpaka Februari hivi, na hakuna kijana wa kuongoza wageni ambaye hana video yao. Shida inaanza pale unapotaka kumpeleka potwe kwenye shindano kubwa. Mwaka 2022 Mhispania Rafael Fernández Caballero alichukua taji la Underwater Photographer of the Year kwa picha ya potwe watano kwenye fremu moja, usiku, Maldives, wamevutwa na chakula kilichojaa kwenye taa za boti. Ukipeleka potwe mmoja kwenye maji ya bluu unashindana na picha ile, na maji yetu wala si ya bluu. Msimu ule bahari ya Kilindoni ni ya kijani, ina ukungu, maana imejaa uduvi, na uduvi ndo unaowaleta. Masela wengine wanaona aibu na ule ukijani, wanaupaka bluu kwenye apu ya kuhariri. Acheni. Ukijani ndo stori yenyewe, ndo sababu ya samaki mkubwa kuliko wote duniani kuja kula mbele ya soko letu. Piga mdomo umefunguka, uduvi unaingia, na ngalawa ya mvuvi inaonekana kwa juu. Maldives hawana hiyo.

Na kuna picha ya potwe ambayo haitashinda popote ila mimi naiheshimu kuliko medali. Ni ile ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, juu ya pezi. Madoa ya pale hayafanani kwa potwe wawili. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta, na hesabu waliyotumia ilitungwa kwanza na wanaastronomia kwa ajili ya kufananisha nyota kwenye picha za anga. Leo unaweza kupandisha picha yako kwenye hifadhidata ya Wildbook ikatambulika kwamba huyu ndo yule aliyeonekana msimu uliopita. Mafia ina historia kwenye utafiti huo. Zamani iliaminika kwamba potwe wakitoweka Kilindoni wamehama. Vifaa vya sauti walivyofungwa vikaonyesha, kwenye utafiti uliochapishwa 2015, kwamba wengi wanabaki humu humu mwaka mzima, wanasogea tu maji ya mbali na ya kina. Kwa hiyo piga ya shindano, halafu piga na ya ubavu. Na kaa mbali kidogo, usimguse, usimkate njia, fleshi zima. Kwa kasa wanaoanguliwa kule kisiwa cha Juani ni hivyo hivyo: taa nyeupe inawapoteza watoto wa kasa njia ya kwenda baharini. Picha iliyomuumiza mnyama mimi siihesabu kama ushindi, hata ikipewa kombe.

Mwanga, sasa. Kilindoni inaangalia magharibi, Utende na Chole zinaangalia mashariki, kwa hiyo asubuhi yako iko upande mmoja wa kisiwa na jioni yako upande wa pili, na katikati kuna bodaboda. Jua la kwetu linashuka wima, halizubai. Toka liguse maji mpaka giza ni kama nusu saa, ukichelewa imekula kwako. Kitu ambacho wengi hawajakitumia ni mchana. Sisi tuko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Mlingoti hauna kivuli. Mtu amesimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Vitabu vya mambele vinakuambia usipige mchana, mwanga mbaya. Lakini ikitoka mada ya kivuli, mada ya joto, mada ya mistari, dakika zile za Oktoba ni dhahabu yetu, na mtu wa Oslo hawezi kuzipata hata akisubiri miaka mia.

Kwenye uaminifu nitakuwa mkali kidogo. Wildlife Photographer of the Year, shindano la jumba la makumbusho la historia asilia la London, limekuwepo tangu 1965, na limeshanyang'anya ushindi hadharani. Mshindi mkuu wa 2009 alipiga mbwamwitu akiruka geti usiku. Majaji wakaamua kwamba kwa uwezekano mkubwa alikuwa mnyama wa kufugwa, taji likaondoka. Mwaka 2018 picha ya Brazil ya mnyama mla sisimizi ikavuliwa baada ya wataalamu kusema yule ni wa kukaushwa, amewekwa pale. Wapiga picha wote wawili walikana, ila ushindi haukurudi. Halafu ikaja akili mnemba. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kundi moja la Sony World Photography Awards, akapanda jukwaani na kuikataa zawadi, akisema picha ile haikupigwa na kamera. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: mpiga picha Miles Astray akaingiza picha halisi ya heroe aliyejikunja mpaka kichwa hakionekani, kwenye kundi la picha za akili mnemba la shindano lingine, ikashinda nafasi, kisha ikaondolewa kwa sababu ilikuwa ya kweli. Heroe wa kweli aliwapita wa kutengenezwa. Kwetu sisi hiyo ni habari njema sana. Kadri picha feki zinavyojaa, ndivyo jaji anavyotaka faili halisi, tarehe, mahali, na mtu anayeweza kujibu maswali kuhusu alichopiga. Fundi wa Chole yupo. Nenda ukamuulize.

Ndo maana nawasihi kuhusu mafaili. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa, inapoteza ukubwa, na taarifa za saa na kifaa zinafutika. Siku shindano likikuambia leta faili la asili, unabaki unatoa macho. Itume kama dokumenti, au itoe kwa waya, na ya asili usiifute hata simu ikijaa. Futa kwanza video za vichekesho. Nembo ya jina lako katikati ya picha ondoa, mashindano mengi hayaitaki.

Maelezo ya picha ndo yanayotuangusha zaidi. Watu wanaandika "Uzuri wa Mafia" halafu wanaweka emoji ya moto. Jaji wa Johannesburg afanye nini na hiyo? Andika: fundi anakalafati jahazi kwa pamba na mafuta, kisiwa cha Chole, wilaya ya Mafia, Tanzania, mwezi fulani, mwaka fulani. Andika kwa Kiswahili kama shindano linaruhusu, na weka na Kiingereza chake. Maneno mkuku, chembeu, ukili na uduvi yaingie vile vile yalivyo, ni ya kwetu na yana kazi.

Na usome masharti, tafadhali. Kuna mashindano yanataka haki zote za picha yako milele, kwa zawadi ya fulana. Hayo yapite. Wiki Loves Africa picha inaingia Wikimedia Commons kwa leseni huria: hakimiliki inabaki yako, jina lako litajwe, ila mtu yeyote anaweza kuitumia, hata wa biashara, na ukishatoa hurudi nyuma. Mimi naona ni dili zuri kwa picha za kitaa chetu, maana ndo njia ya mtoto wa shule Mwanza kuona Jibondo kwa jicho la mtu wa Mafia. Ila picha unayotaka kuila, yaani ya kuuza kwa hoteli na majarida, usiiweke huko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua wewe uliyebonyeza. Droni usirushe kiholela, kibali ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya Hifadhi ya Bahari, iliyopo tangu 1995, pale Utende ndo pa kuuliza utaratibu. Na uso wa mtu si mali ya bure. Mama akisema hapana, ni hapana, hata kama mwanga umekaa vizuri namna gani.

Mwenye kusema mambo haya ni ya watu wa mbali amwangalie Anna Boyiazis, Mmarekani, aliyepiga wasichana wa shule ya msingi ya Kijini, Unguja, wakijifunza kuogelea na kuokoa watu kwenye ufuo wa Muyuni. Mwaka 2018 kazi ile ikachukua nafasi ya pili ya stori za watu kwenye World Press Photo. Maji ni haya haya ya kwetu, mavazi ni yale yale ya dada zetu. Kitu alichokiona ni kwamba binti wa pwani kujua kuogelea ni habari, na wengi wetu tunaipita kila siku. Mwaka 2021 tena, African Wildlife Foundation wakaanzisha tuzo za picha za wanyamapori zenye jina la Mzee Benjamin Mkapa, na maonyesho ya kwanza yakafanyika makumbusho ya taifa, Nairobi. Mle ndani kuna kundi la vijana na kundi la picha za simu. Jina la rais wetu wa zamani liko mlangoni, popo na potwe wako uani kwetu.

Kwa hiyo wana wa Kilindoni, Utende, Kirongwe, Jibondo, mchongo wangu ni huu. Tufungue kundi letu la mada za kila wiki. Tangu 2019 Wiki Loves Africa wamekuwa wakipokea picha mwanzoni mwa mwaka, Machi ikiwa mle ndani, kwa hiyo mazoezi yaanze na kaskazi inapoingia. Wiki ya kwanza mada ni kamba. Wiki ya pili mikono. Ya tatu kusubiri. Picha moja kwa mtu, kama dokumenti, na maelezo kamili yenye mahali na tarehe. Mwisho wa kutuma Alhamisi usiku, Ijumaa baada ya swala tunazichambua pale bandarini uso kwa uso. Machweo marufuku mpaka mwezi wa pili, na mwenye simu kimeo aje hivyo hivyo, tutaazimana.